Msitununulie Gari Jingine la Zimamoto

Kila moto mkubwa unapotokea Dar es Salaam, maneno hutangulia hata majivu hayajapoa. Zimamoto wamechelewa. Wamekuja na gari moja. Gari lenyewe halina maji. Siku ya pili yake mheshimiwa mmoja anasimama bungeni, au kiongozi wa wafanyabiashara anajipanga mbele ya kamera, na dawa inayotajwa ni ile ile: Serikali ituletee magari. Tuliisikia soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, na kila godauni likiwaka tunaisikia tena. Anayesema vingine anaonekana hana huruma na watu waliounguliwa mali, au ametumwa kutetea uzembe.

Mimi nasema vingine. Shida ya zimamoto katika miji yetu haianzii kwenye idadi ya magari na haitaishia hapo. Meli ikishusha magari mia kesho, halafu mambo nitakayoyataja yakabaki yalivyo, baada ya miaka michache tutakuwa na magari mengi juu ya mawe, moto ule ule, na hotuba ile ile. Kibaya zaidi, dai hili la magari limekuwa kichaka cha kujifichia watu wengi: mwenye jengo aliyeziba ngazi kwa marobota ya mitumba, kishoka aliyeunga nyaya kwa gundi ya karatasi, ofisa aliyegonga muhuri wa kibali cha ujenzi bila kwenda kuona kiwanja. Wote hao wanapona, kwa sababu lawama imeshapelekwa kwa kijana aliyeshika mpira wa maji saa nane ya usiku.

Tuutazame kwanza mji usio na upungufu wa magari. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto ulianza kwenye friji katika nyumba moja ya ghorofa ya nne, jengo la Grenfell Tower, London. Simu ilipigwa saa sita na dakika 54 usiku, na magari ya kwanza yakafika ndani ya dakika kama tano. Dakika tano! Hapa kwetu tungeandamana kushangilia. Kabla ya kupambazuka walikuwa wamekusanyika askari zaidi ya 200 na magari yapatayo 70. Watu 72 walikufa. Kilichowaua kilikuwa kimebandikwa ukutani wakati wa ukarabati uliomalizika mwaka mmoja kabla: mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, ambayo yalipanda na moto hadi juu kwa muda usiofika nusu saa. Uchunguzi uliwalaumu pia zimamoto wa London, hasa kwa kuwaambia wakazi wabaki ndani muda mrefu kuliko ilivyofaa. Lakini hakuna mtu aliyetoka kwenye uchunguzi ule akisema kwamba gari la 71 lingewaokoa.

Najua nitakaloambiwa: usitupeleke London, sisi hata hayo 70 hatuna. Sawa. Basi tushuke hadi kwenye sebule ya mtu wa kawaida. Maabara moja ya Marekani iliwahi kuwasha moto katika vyumba viwili vya majaribio, kimoja chenye samani za zamani za mbao na pamba, kingine chenye samani za siku hizi, sofa za sponji na mapazia ya nailoni. Chumba cha zamani kilichukua karibu nusu saa kuwaka chote. Cha kisasa hakikufika dakika tano. Sofa hizo ndizo zinazouzwa Keko na kila kona ya mji. Kwa hesabu hiyo, mtu anapiga 114, anaeleza ni mtaa gani, karibu na baa gani, gari linatoka, linakutana na foleni. Hata likifika kwa dakika kumi, jambo ambalo ni la sifa kubwa, chumba cha kwanza kimeshakwisha. Zimamoto wanakuja kuokoa chumba cha pili na nyumba ya jirani. Ndivyo kazi ilivyo duniani kote, na gari la bei yoyote haliibadilishi.

Sasa lile la maji. Hakuna shutuma inayowauma askari hawa kama hii ya kuja bila maji, na hakuna shutuma inayorudiwa na watu wengi hivyo bila kufanya hesabu. Gari la kawaida la zimamoto hubeba maji kuanzia lita elfu mbili hivi. Makubwa hufika lita elfu kumi. Mpira mmoja wenye nguvu ya kutosha kuingia kwenye moto wa jengo hutumia lita 400 hadi 500 kwa dakika. Chukua gari la lita 5,000, fungua mpira mmoja: dakika kumi na kidogo, tenki tupu. Fungua miwili, kama unavyotakiwa kufanya kwenye moto unaokwenda pande mbili: dakika tano. Umati uliofika dakika ya sita unaona askari wameshika mipira iliyolegea, na simu zinarekodi. Jioni video inazunguka mitandaoni ikiwa na maandishi: wamekuja bila maji.

Tenki kubwa zaidi? Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita elfu kumi ni tani kumi kabla hujahesabu chuma, pampu, ngazi na watu sita. Gari la namna hiyo liingie Tandale kwa njia ipi? Ndiyo maana tangu zamani miji iliyojengwa ikiufikiria moto haikutegemea tenki. Maji ya tenki ni ya kuanzia kazi, wakati mwenzako anakimbia kuunga mpira kwenye kisima cha zimamoto, lile bomba la chuma lililosimama kando ya barabara au lililolazwa chini ya kifuniko. Kazi yote imejengwa juu ya kisima hicho, na hapo ndipo sisi tumejikata mguu wenyewe. Mkandarasi anapanua barabara, kifuniko kinalala chini ya lami. Mama ntilie anaweka kibanda juu ya kingine. Mwenye fremu anakizungushia ukuta kikawa ndani ya ua wake. Na pale kinapoonekana, kimewekwa kwenye bomba la mtaa unaopata maji kwa mgawo, siku mbili kwa wiki, kana kwamba moto nao umepewa ratiba.

Kurekebisha hili hakuhitaji meli ya magari. Kunahitaji mamlaka ya maji, wakala wa barabara, halmashauri na zimamoto wakae meza moja, wachore ramani ya visima vyote, wapake rangi, wavipime mara mbili kwa mwaka na kuandika msukumo wa maji wa kila kimoja. Kunahitaji masharti kwenye mkataba wa barabara kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka visima vilivyofukiwa vifukuliwe. Kunahitaji matangi ya chini ya ardhi kwenye masoko makubwa, maji yasiyoguswa na mtu hata siku ya shida. Ni kazi ya mafaili na koleo. Haina utepe wa kukata, na nadhani ndiyo sababu haifanyiki.

Tuje kwenye magari yenyewe, kwa sababu sitaki mtu aseme nimeyakimbia.

Gari la zimamoto si lori lenye rangi nyekundu. Lori la mizigo hutembea kilomita mia tano kwa siku na likifika linapumzika. Gari la zimamoto husimama siku tatu, halafu ghafla linatakiwa liwake kwa mpigo wa kwanza, likimbie likiwa na mzigo kamili, lisimame ghafla kila makutano, kisha injini ile ile ibaki ikiunguruma saa nne au kumi papo hapo ikizungusha pampu. Kusimama kunaua betri na kukausha sili. Kukimbia na tani za maji kunamaliza breki na krachi. Kuunguruma bila kutembea kunachemsha injini. Kilomita kwenye dashibodi zinasoma kidogo, kwa hiyo mtu wa mahesabu anaona gari jipya. Fundi anaona jingine kabisa.

Tazama zamu inavyopokezana katika kituo kinachofanya kazi sawasawa. Asubuhi dereva anayeingia hasaini tu kitabu. Anapiga stati, anaangalia sindano ya hewa ya breki inapanda kwa kasi gani. Gari kubwa lenye breki za hewa haliwezi kuondoka mpaka hewa ijae. Kama kuna uvujaji, kila usiku hewa inatoroka, na kengele ikilia saa tisa wanaume watano wenye makoti mazito wanakaa ndani ya gari linalounguruma bila kwenda popote, wakisubiri sindano. Dakika mbili, tatu. Huo ni ucheleweshaji ambao hakuna gari jipya la pili litakaloufuta, na chanzo chake huwa kibomba cha plastiki au valvu ndogo.

Kisha anageukia pampu. Anafunga valvu zote, anaiacha pampu ndogo ifyonze hewa, anazima, anatazama geji. Sindano ikikaa, pampu ni nzima. Ikishuka taratibu, kuna sili imechoka, na gari hilo siku likipelekwa kuvuta maji kwenye kisima au mto halitavuta hata tone, ijapokuwa linang'aa kwa nta. Kwetu pwani kuna nyongeza: pampu iliyovuta maji ya bahari isiposukutuliwa kwa maji baridi siku hiyo hiyo, chumvi inaanza kuila usiku ule ule. Matairi nayo yanadanganya. Kashata zake zimesimama kama ya dukani, lakini mpira una miaka tisa na umepasuka mbavuni. Na mipira ya maji lazima ioshwe, itundikwe ikauke. Ule mnara mrefu kwenye vituo vingi vya zamani ulijengwa kwa kazi hiyo. Mpira uliokunjwa mbichi huoza kwenye mikunjo, na hupasuka siku ile presha inapopanda, mbele ya watu.

Yote haya ni kazi ya dakika arobaini, kitabu cha kumbukumbu, na fundi anayejua pampu. Magari ya Serikali kwa utaratibu hutengenezwa kupitia TEMESA, wakala wa Serikali wa ufundi na umeme, na sina ugomvi na fundi wa Landcruiser. Lakini pampu ya zimamoto haifunguliwi na kila fundi. Jeshi la zimamoto linalotaka magari yake yaishi miaka ishirini lazima liwe na karakana yake, vipuri vyake kwenye rafu, na mafundi wanaopandishwa cheo kwa kufufua gari kama wenzao wanavyopandishwa kwa kuzima moto. Bila hivyo tunarudi kwenye desturi tuliyoizoea: gari moja linachinjwa ili kulisha jingine, mwaka kesho hilo jingine linachinjwa kulisha la tatu, na kwenye ripoti yote matatu bado yanahesabiwa.

Hapo kuna jambo la misaada ambalo kwa adabu zetu hatulisemi. Mji rafiki wa Ulaya unastaafisha gari lake baada ya miaka mingi na kulituma kwetu likiwa na picha na shada la maua. Mwaka unaofuata linakuja jingine kutoka Japan. Tunashukuru, tunapiga makofi. Lakini Mjerumani huunga mipira yake kwa kuzungusha vichwa viwili vinavyofanana. Mwingereza huchomeka dume kwenye jike mpaka kiungo kilie. Mjapani naye huchomeka, ila kwa umbo lake mwenyewe. Waweke watatu kwenye moto mmoja, mpira wa huyu haukamati kwenye pampu ya yule. Wamarekani walilijua hili kwa gharama kubwa. Februari 1904 moto ulipowaka katikati ya Baltimore, magari yaliletwa kwa treni kutoka Washington, Philadelphia na New York. Yalifika. Viungio vya mipira yao havikuingia kwenye visima vya Baltimore. Moto ule ulikwenda saa thelathini hivi na kuteketeza majengo zaidi ya 1,500, na baadaye ikagundulika kwamba nchi nzima ilikuwa na viungio vya aina zaidi ya 600. Huwezi kupata mfano ulio wazi zaidi wa magari mengi yasiyo na faida. Kwa hiyo kabla ya kupokea zawadi nyingine, tuseme kwanza sisi tunatumia kiungio gani, na asiyeweza kuja nacho aje na adapta pamoja na mafundi wawili na vipuri vya miaka kumi. La sivyo tumshukuru na tubaki marafiki.

Nakubali jambo moja bila kuzunguka. Wapo watu wanaoishi katika wilaya ambayo gari la karibu lipo makao makuu ya mkoa, saa mbili au tatu kwa barabara. Kumwambia mtu huyo kwamba magari si tatizo ni kumkejeli, na sisemi hivyo. Tangu Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ilipoviondoa vikosi mikononi mwa halmashauri na kuunda jeshi moja la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, eneo la kuhudumia limekuwa nchi nzima, na nchi ni kubwa. Wilaya hizo zipewe. Ila zipewe gari dogo linalopita njia zao, linalotengenezeka pale pale, na pampu za kubeba mkononi. Ninalolipinga ni kuichukua shida ya wilaya hizo na kuifanya hoja ya kuujaza mji magari ambayo hata yaliyopo hayatunzwi.

Lakini hata huko wilayani, jiulize waliokufa walikufa kwa nini. Shauritanga, Kilimanjaro, 1994: wasichana 42. Idodi, Iringa, 2009: wasichana 12. Byamungu, Kyerwa, 2020: watoto 10. Kwa majirani zetu Kenya, Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67, mlango mmoja wa bweni ukiwa umefungwa na madirisha yana nondo. Moto wa bweni hummaliza mtoto kwa moshi ndani ya dakika chache. Hakuna kituo cha zimamoto kitakachojengwa kando ya kila sekondari ya kata. Kinachookoa ni milango miwili inayofunguka kwa nje, isiyo na kufuli usiku, dirisha moja kila upande ambalo nondo zake zina bawaba, vitanda visivyosongamana, na matroni aliyewahi kuwatoa watoto gizani kwa mazoezi akihesabu majina. Fundi wa kuchomelea wa kijijini anaweza kuifanya kazi ya nondo kwa siku mbili. Baada ya kila msiba hutolewa waraka, na waraka huo hufunguliwa upya baada ya msiba mwingine.

Sasa nigeukie wafanyabiashara, maana nao wana hoja inayopendwa: ukaguzi wa zimamoto ni mradi wa kukusanya fedha. Anakuja ofisa, anatazama mtungi mwekundu ukutani, anaandika risiti, anaondoka. Mwakani anarudi. Nusu ya malalamiko haya ni ya kweli kabisa na ningependa wenye mamlaka wayasikilize. Ukaguzi unaopimwa kwa makusanyo utazaa makusanyo. Ofisa aliyepewa lengo la shilingi atakwenda kwenye maduka yenye uwezo wa kulipa, wala hatapanda ghorofani kwenye stoo isiyo na jina ambako hatari yenyewe iko. Tozo na ukaguzi vitenganishwe. Anayekagua asiguse risiti, na cheti kisitoke kwa sababu ada imelipwa. Kitoke kwa sababu mlango umefunguka.

Nusu ya pili ya malalamiko ni unafiki. Ingia kwenye jengo la ghorofa nane la Kariakoo saa tano asubuhi. Chini ni maduka ya upana wa mlango. Ngazi ni moja tu inayotumika, na kila jukwaa lake lina marobota yaliyopangwa mpaka kifuani, kwa hiyo watu wanapishana kwa ubavu. Ngazi ya pili ipo, ramani inaionyesha. Mlango wake una geti la chuma na kufuli, na ukiuliza funguo unaambiwa anazo mlinzi, mlinzi naye ni wa usiku. Juu ni stoo za vitambaa, viatu vya plastiki, vipodozi, na vyumba wanakolala vijana wa mzigo. Mtungi wa kuzimia moto upo kweli. Umefungwa kwa mnyororo usiibwe, na nguo zimening'inizwa juu yake. Mwenye stoo hiyo ndiye atakayekuja redioni kusema zimamoto hawana vifaa. Sitamwonea haya: kufuli lile alilinunua yeye, kwa kuwaogopa wezi kuliko moto, na kwa siku 364 za mwaka hesabu yake inamlipa.

Na huko ndani kuna umeme. Ripoti zetu za moto zimepata maneno mawili ya kumalizia kila jambo, hitilafu ya umeme, na yakishatamkwa faili linafungwa kana kwamba umeme ni mapenzi ya Mungu. Hitilafu ina mwenyewe. Kuna aliyeuza waya mwembamba ulioandikwa unene usio wake. Kuna kishoka aliyeongeza soketi kumi na mbili kwenye laini ya soketi nne, na fyuzi ilipokuwa ikikatika kila jioni akaifunga kwa kipande cha waya ili isikatike tena. Kuna mwenye nyumba aliyemlipa. Kama kila ripoti ingetamka ni waya gani, uliwekwa lini, na nani, kisha ikachapishwa, tungejua kwa mwaka mmoja mambo ambayo magari hayatatuambia kamwe. Tungejua pia wa kumfikisha mahakamani.

Kuna wanaosema kinga ni anasa ya nchi tajiri: wao wana vitambua moshi kila chumba, sisi bado tunatafuta dawati. Mwaka 2013 Sir Ken Knight, mkuu wa zamani wa zimamoto wa London, aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyoonyesha kwamba matukio ya moto yamepungua kwa asilimia 40 ndani ya miaka kumi, ilhali idadi ya askari na matumizi havikubadilika sana. Kupungua kule kulitokana na vitambua moshi, sheria ya mwaka 1988 ya samani zisizoshika moto haraka, na askari waliokwenda kubisha hodi majumbani kabla ya moto. Ni matajiri, ndiyo, lakini soma ripoti hiyo kwa kuigeuza: hata wenye fedha za kununua magari waliona kwamba kilichopunguza moto kilikuwa rahisi zaidi kuliko magari. Maskini ndiye asiye na uwezo wa kulipia njia ya ghali.

Tena moto wetu unabadilika wakati sisi tunahesabu magari. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya kaya kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na kwa familia nyingi za mjini maana yake ni mtungi wa gesi. Ni jambo jema, mapafu ya mama zetu yatapona. Lakini gesi ile ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hailikimbilii dirisha, inatambaa sakafuni na kutulia uvunguni mwa kitanda katika chumba kimoja cha kulia, kupikia na kulala. Kila muuza gesi wa mtaa anapaswa kumwonyesha mteja povu la sabuni kwenye kiungio kabla hajachukua fedha yake, na zimamoto wa wilaya wanapaswa kuwafundisha wauzaji hao. Baada ya Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya mia walipokufa kwa kukimbilia petroli iliyomwagika kwenye ajali ya lori pale Msamvu, hakuna mwenye akili aliyeuliza magari ya zimamoto yalikuwa mangapi. Tuliuliza kwa nini watu hawakuambiwa mapema na kwa sauti ya kutosha wakae mbali. Swali lile lilikuwa sahihi. Sijui kwa nini tunalisahau moto ukihamia kwenye jengo.

Hivyo bajeti ijayo ikifika, ningefurahi kumsikia mbunge mmoja akiacha kuomba gari. Aombe jedwali. Kila gari la jeshi kwa namba yake, siku ngapi kwa mwaka lilikuwa tayari na siku ngapi lilikuwa karakana, na lilisubiri kipuri gani. Kila kisima cha zimamoto cha mji wake, kinatoa maji au hakitoi. Kila jengo la zaidi ya ghorofa nne lililokaguliwa, na lililofungwa kwa kukataa kurekebisha, kwa jina la mtaa na namba ya kiwanja. Fungu la matengenezo likae kwenye mstari wake lenyewe, lisiweze kuhamishiwa kwenye semina. Jedwali hilo likiletwa na likaonyesha kwamba magari yote yako tayari, visima vyote vina maji, ngazi zote ziko wazi, na bado tunaunguliwa kwa kukosa gari, nitaandika makala nyingine ya kuomba gari, na nitalitaja aina yake pamoja na kiungio chake.